Si Serikali, Si Korti: Hivi Ndivyo Visa na Mastercard Huamua Nini Kiuzwe Mtandaoni

Una doh yako. Kitu unataka kununua ni halali. Mwenye anauza ako tayari kuuza. Unaweza dhani hiyo dili imeisha, lakini bado. Hapo katikati kuna msee wa tatu mwenye hukumwalika, na akikataa, hakuna biashara.

Wasee wa gemu waligundua hii maneno kwa njia mbaya Julai 2025. Steam, soko kubwa zaidi la gemu za kompyuta duniani, iliongeza sheria mpya kwa watengenezaji: usiweke kitu chenye kinaweza vunja masharti ya kampuni za malipo, mitandao ya kadi na benki. Gemu kibao za watu wazima zikatolewa. Siku chache baadaye itch.io nayo, soko lenye vijana wengi huuza gemu na vitabu vyenye wametengeneza wenyewe kwa nyumba, ikaficha kazi zake zote za watu wazima zisionekane mtu akitafuta. Maelfu ya kurasa zilipotea usiku mmoja, hata za wasee wenye walikuwa wanapeana kazi yao bure.

Hakuna bunge lilikuwa limepitisha sheria. Hakuna jaji alikuwa ameandika uamuzi. Kampuni za malipo ziliuliza maswali, na soko zikaanza kufagia.

Hata ka hujawahi cheza gemu maisha yako yote, hii stori inakuhusu, juu hiyo njia ya pesa ndio unatumianga kulipia Netflix, kununua vitu za ng'ambo, ama kulipwa ukifanyia mzungu kazi ya mtandao. Wacha tuichambue pole pole.

Moto ulianzia wapi?

Aprili 2025, gemu moja kwa jina No Mercy ilizua kelele nchi kadhaa. Ilikuwa inamweka mchezaji kwa nafasi ya mwanaume mwenye anabaka wanawake, hadi wa familia yake. Watu walipiga nduru na ikatoka Steam.

Kikundi cha wanaharakati kutoka Australia kinaitwa Collective Shout hakikuishia hapo. Walisema kuna mamia ya gemu zingine za aina hiyo. Walishaandikia Steam, wakasema hawasikizwi. Kwa hivyo Julai wakabadilisha mbinu: wakaandikia barua ya wazi wakubwa wa PayPal, Mastercard, Visa na kampuni zingine za malipo, wakiwauliza mbona wanapitisha pesa za vitu ka hizo. Waliruka mwenye duka, wakaenda moja kwa moja kwa mwenye mkoba.

Na ilifanya kazi. Ndani ya siku chache tu, kile kitu Steam ilikuwa imekataa kufanya kikafanyika.

Hapa ndio watu waligawanyika. Wengine walisema poa, hizo gemu ni takataka, ziende. Wengine wakauliza: sawa, leo ni hizo. Na kesho?

Kwani hii doh hupitia wapi?

Ukilipa na kadi, unaona tu ni wewe na duka. Ukweli ni kwamba kuna foleni ya watu.

Kwanza kuna benki yako, yenye ilikupea kadi. Pili kuna mtandao wa kadi, yaani Visa ama Mastercard. Tatu kuna benki ya muuzaji, yenye inampokelea pesa. Na mara mingi kati ya muuzaji na hiyo benki kuna kampuni ingine, ka Stripe ama PayPal, yenye inamwekea kile kibonye cha "lipa" kwa tovuti yake. Yeyote kati ya hawa akisema hapana, malipo yanakwama.

Visa na Mastercard hawakopeshi mtu pesa, na si wao hupeana kadi. Wafikirie ka sacco ya mathree. Mat si ya sacco. Abiria si wa sacco. Lakini sacco ikikutoa kwa ruti, gari yako inabaki chuma imeegeshwa. Tofauti ni kwamba Nairobi ukifukuzwa na sacco moja unaweza jaribu ingine. Kwa kadi, ukitoa Uchina, hizi kampuni mbili ndio ziko karibu kila mahali, na zote mbili ni za Marekani.

Na usidhani ukilipa na M-Pesa umewakwepa. Ile kadi ya M-Pesa GlobalPay yenye Safaricom ilizindua mwaka wa 2022, yenye inakuwezesha kununua vitu kwa tovuti za nje, ni kadi ya Visa. Pesa inatoka kwa simu yako, lakini ikivuka boda inapanda gari ya Visa.

Kila muuzaji mwenye anapokea kadi hupewa namba ya kuonyesha anauza nini. Chakula ina yake, hoteli ina yake, vitu za watu wazima na kamari ziko kwa zile zinaitwa za hatari kubwa. Ukiwekwa huko, unalipa ada ya juu, unachunguzwa zaidi, na wateja wako wakizidi kukataa malipo wakidai warudishiwe pesa, unapigwa faini.

Halafu kuna ile orodha inaogopwa na wafanyabiashara kushinda kitu ingine yoyote. Inaitwa MATCH, na ni ya Mastercard. Benki ikimfukuza muuzaji juu amevunja masharti, jina lake linawekwa huko, na benki zingine huangalia hiyo orodha kabla hazijamchukua. Jina hukaa miaka 5. Chukulia ni CRB, lakini ya maduka badala ya wakopaji.

Sheria moja yenye inabeba kila kitu

Kelele ilipozidi, Mastercard ilitoa taarifa Agosti 1, 2025. Ilisema haijawahi kagua gemu yoyote, haijaambia soko yoyote ya gemu itoe kitu, na kwamba inaruhusu ununuzi wote halali kwa mtandao wake.

Valve, kampuni yenye inamiliki Steam, ikajibu na maelezo yenye yalifungua watu macho. Walisema waliomba kuongea na Mastercard moja kwa moja na hawakupata. Badala yake Mastercard iliongea na benki na kampuni za kati, halafu hizo ndio zikakuja kwa Steam. Steam ilipojitetea kwamba inauza vitu halali tu, ikakataliwa. Sababu yenye walipewa ni sheria namba 5.12.7 ya Mastercard.

Hiyo sheria inasema nini? Kwa lugha ya mtaa: usilete kwa mtandao wetu malipo ya kitu haramu, ama kitu chochote chenye sisi wenyewe tukikiona tunahisi kinaweza chafua jina letu.

Soma hiyo sehemu ya pili tena. Haramu ni kitu ya sheria, unaweza enda kortini mkabishana. Lakini "kinaweza chafua jina letu" ni hisia ya kampuni. Hakuna orodha. Hakuna mipaka. Na juu haikutaji chochote kwa jina, kila mtu kwa ile foleni anajaribu kukisia mkubwa wake atakasirikia nini, na anakata zaidi ya chenye angeulizwa. Benki inakata kidogo ikae salama. Kampuni ya kati inakata kidogo zaidi. Soko inakata kabisa. Mwishowe ukiuliza nani alitoa hii amri, kila mmoja anaonyesha mwingine kidole, na technically wote wanasema ukweli.

Si mara ya kwanza

Hii mchezo imechezwa miaka mingi.

Novemba 2010, WikiLeaks ilianza kutoa barua za siri za mabalozi wa Marekani. Wiki moja hivi baadaye, PayPal, Mastercard na Visa zote zilikuwa zimefunga njia ya kuwatumia michango. WikiLeaks haikuwa imeshtakiwa mahali popote kwa hiyo kazi. Na ka unadhani hiyo ni stori ya wazungu peke yao, kumbuka hii ndio tovuti yenye mwaka wa 2007 ilianika ripoti ya Kroll kuhusu pesa za umma zenye ilidaiwa zilifichwa ng'ambo wakati wa utawala wa Moi. Pia ndio ilisambaza ripoti ya tume yetu ya haki za binadamu, KNCHR, kuhusu mauaji yenye polisi walilaumiwa nayo. Wakenya walisoma hizo vitu juu kuna mahali zilikuwa zimewekwa, na hapo mahali palihitaji pesa ya kukaa wazi.

Kampuni ya Iceland yenye ilikuwa inawapokelea michango ilienda kortini. Aprili 2013, Korti ya Juu ya nchi hiyo ikasema Valitor, mshirika wa Visa huko, ilivunja mkataba kwa kufunga hiyo njia. Walishinda, ndio. Lakini ilikuwa imepita zaidi ya miaka 2, na bila michango miaka 2 ni mingi.

2015, sherifu wa Cook County huko Chicago, Tom Dart, aliandikia Visa na Mastercard akitaka waache kupitisha pesa za Backpage, tovuti ya matangazo yenye ilikuwa inatumika na makahaba. Kabla ya hapo alikuwa ameshtaki tovuti ingine ya matangazo, Craigslist, na kesi ikamshinda. Baada ya barua, kadi zilitoka ndani ya siku chache. Novemba mwaka huo huo korti ya rufaa ikasema sherifu alikosea: serikali haiwezi tumia vitisho kwa kampuni ya malipo ili inyamazishe mtu yenye haingeweza nyamazisha yenyewe.

Agosti 19, 2021, OnlyFans ilitangaza kwamba kuanzia Oktoba itapiga marufuku picha na video za ngono. Yaani duka la samaki linatangaza halitauza samaki tena. Bosi wake wakati huo, Tim Stokely, aliambia gazeti la Financial Times kwamba shida ilikuwa benki, hadi akazitaja majina. Wasee wenye walikuwa wanalipa renti na hiyo kazi waliwaka mtandaoni, na Agosti 25 kampuni ikageuza uamuzi. Hizo siku sita, maisha ya watu wengi ilikuwa imening'inia kwa mazungumzo yenye hawakuwa kwa meza.

Japani nako, soko la katuni na gemu linaitwa DLsite lilijaribu kuwa mjanja mwaka wa 2024. Lilibadilisha majina ya vikundi vya kazi zake yakae ya upole. Haikusaidia. Siku chache tu na malipo ya Visa na Mastercard yakasimamishwa.

Lakini pia kuna upande ule mwingine

Wacha tusijifanye kampuni za malipo ndio shetani kwa kila stori. Kuna siku zimefanya kazi yenye kila mtu mwingine alikuwa ameshindwa.

Desemba 4, 2020, Nicholas Kristof wa gazeti la New York Times aliandika kuhusu wasichana wenye video za kubakwa kwao, wengine wakiwa watoto, zilikuwa zinazunguka Pornhub. Waliomba zitolewe. Zilikuwa zikitolewa zinarudi tena, juu mtu yeyote angeweza kuweka video bila kujitambulisha. Miaka ilipita hivyo.

Desemba 10, Visa na Mastercard wakakata malipo. Siku nne baadaye Pornhub ikafuta mamilioni ya video zenye wenyewe hawakuwa wamethibitishwa. Kile polisi, wabunge na wahasiriwa walishindwa kupata kwa miaka, kilipatikana kwa siku 10 tangu habari itoke.

Kwa hivyo ukiwa wewe ndio huyo msichana, hii nguvu si mbaya hata kidogo. Ndio mtu wa kwanza alikusikiza. Na hawa wa Collective Shout walikuwa wanategemea hiyo hesabu: duka inaweza kupuuza, lakini haiwezi kupuuza mwenye mkoba.

Lakini kuna tofauti kubwa yenye watu huisahau. Kwa Pornhub, kulikuwa na mtu halisi mwenye aliumizwa, na kitendo chenyewe ni uhalifu kila mahali. Kwa gemu, ni michoro na stori za kubuni. Unaweza zichukia, na nyingi ni za kuchukiza kweli, lakini swali la ka zipigwe marufuku ni la kujadiliwa na watu wazi wazi, kila nchi na sheria zake. Na itch.io ilipofagia, haikubagua. Gemu ya ubakaji na stori ya mtu anasimulia mapenzi yake ya kawaida zilibebwa kwa ndoo moja, juu hakukuwa na wakati wa kuchambua. Mwenye itch.io, Leaf Corcoran, alieleza kwamba walilazimika kuchukua hatua haraka ili wasipoteze uwezo wa kulipa kila mtu kwa hiyo soko. Baadaye walirudisha zile za bure. Za kuuzwa ndio zilibaki na shida.

Mbona waogope hivyo, na wana pesa yote hiyo?

Usidhani huko ndani kuna kamati ya maaskofu. Mara mingi si maadili, ni hesabu.

Vitu za watu wazima ni sehemu ndogo sana ya pesa zenye hupita kwa hizi mitandao. Hasara ya kuzikata ni kidogo. Hasara ya kutozikata inaweza kuwa kubwa. Julai 2022, jaji wa California alikataa kuitoa Visa kwa kesi ya mwanamke mwenye video yake ya utotoni iliwekwa Pornhub. Visa ilijitetea kwamba yenyewe hupitisha tu malipo. Jaji akasema kesi iendelee. Mwezi uliofuata Visa ikasimamisha hadi malipo ya matangazo ya hizo tovuti. Ukiwa wakili wa hiyo kampuni, ushauri wako ni rahisi: ukiona kitu inanuka, kata.

Shida ni kwamba pua ya wakili haijui kutofautisha uhalifu na kitu tu chenye kinaudhi watu. Zote zinanuka sawa kwa kichwa cha habari.

Sisi hapa tulishaona hii sinema

Julai 2019, serikali ya Kenya ilikuwa inapigana na kampuni za kamari kuhusu ushuru na leseni. Haikutuma polisi kufunga ofisi zao. Iliagiza Safaricom izime Paybill za kampuni 27, SportPesa na Betin zikiwemo. Basi. Tovuti zilikuwa hewani, ofisi zilikuwa wazi, lakini hakukuwa na njia ya kuweka doh. Septemba SportPesa ikasimamisha shughuli zake nchini. Wasee wakapoteza kazi, na Gor Mahia na AFC Leopards wakabaki bila mdhamini.

Si kusema kamari ni nzuri. Kila mtaa una kijana amechomwa na hiyo kitu. Na kuna tofauti ya maana: hapa ilikuwa amri ya serikali, yenye ilikuwa na jina, tarehe na ofisi yenye ungeweza kuishtaki. Lakini somo ni moja. Mwenye anashikilia bomba la pesa anaweza ua biashara bila kugusa biashara yenyewe.

Sasa fikiria wewe. Unachora, unauza biti za muziki, unaandika stori za mapenzi za kiutu uzima, ama unalipwa kupitia PayPal. Ukikutwa umevunja masharti, PayPal inaweza kukushikilia pesa hadi siku 180. Hiyo ni nusu mwaka. Landlord hajui siku 180, anajua tarehe 5.

Kuna suluhisho?

Kuna watu wanajaribu. Agosti 7, 2025, Rais Donald Trump alitia saini amri ya kuzuia benki za Marekani kufukuza wateja juu ya siasa, dini ama biashara yenye ni halali. Yeye alikuwa anafikiria malalamishi ya upande wake, lakini swali ni lile lile: kitu ikiwa halali, benki ina haki ya kukataa?

WikiLeaks walianza kupokea Bitcoin 2011 baada ya kufungiwa. Inasaidia, lakini bei yake inaruka ruka, na mteja wa kawaida hataki stress. Brazil ilichukua njia ingine: benki kuu yenyewe ilianzisha mfumo wa malipo wa papo hapo unaitwa Pix mwaka wa 2020, na saa hii karibu kila mtu huko anautumia. Hapo Visa hana la kusema. Lakini basi bomba liko mkononi mwa taasisi ya serikali, na wewe ni Mkenya, unajua serikali ikishika bomba inaweza fanya nini. Rudi juu usome 2019.

Pengine chenye kinahitajika si bomba ingine peke yake, ila sheria za bomba. Kwamba ukikatwa, uambiwe ni kwa nini. Uandikiwe ni sheria gani umevunja. Upewe mahali pa kukata rufaa na muda wa kuhama na pesa yako. Hizi ni vitu zenye hata mwizi wa kuku hupewa kortini.

Saa hii, ka unaomoka kupitia mtandao, jilinde na vitu za kawaida. Soma masharti ya mwenye anakupitishia pesa, si ya soko peke yake, juu ya huyo wa pesa ndio mwisho. Usilale na hela kwa akaunti ya mtandao, toa kila wakati. Kuwa na njia mbili za kulipwa, zisiwe za kampuni moja. Na wateja wako wakuwe na namba ama barua pepe yako, ndio siku soko ikikuzima usianze upya.

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye hula nyama. Hawa hata nyama hawataki, wanashikilia tu kisu na kukuambia gani ikatwe. Wakati mwingine wamekatia mtu kamba ya kumwokoa, na wakati mwingine wamekata mtu riziki. Wewe ukipewa nafasi ya kuchagua nani ashike hicho kisu, kati ya kampuni mbili za Marekani, serikali, ama kila mtu na chake, ungempea nani?